Wiki sita za kitenzi kimoja: tathmini ya darasa la jioni la Kiingereza kwa madereva

Mwezi mmoja kabla ya kujiandikisha katika darasa ninalolitathmini hapa, mgeni mmoja kutoka Uingereza alimlalamikia dereva wangu kwa ujumbe mfupi ulioandikwa hivi: “I called you twice but you didn't pick up.” Dereva wangu, ambaye usiku uliotangulia alikuwa amemchukua mgeni huyohuyo katika uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, tena baada ya kumsubiri saa mbili nzima kwa sababu ndege ilichelewa, aliona amesingiziwa. Alijibu kwa Kiingereza chake kwamba alimchukua, kwamba risiti anayo, na kwamba si uungwana kumkana mtu aliyekubebea masanduku matatu. Mgeni naye hakuelewa masanduku yameingiaje katika suala la simu isiyopokelewa. Ilinibidi nimpigie mimi mwenyewe na kumwomba radhi, kisha nimweleze dereva kwamba “pick up” aliyoijua yeye ni ya kumchukua abiria, na ile ya mgeni ilikuwa ya kupokea simu.

Nina magari mawili ya kupokea wageni uwanja wa ndege na kuwafikisha hotelini au kwenye boti za Zanzibar, na katika kazi hii hakuna kitenzi cha Kiingereza kinachopita kwenye simu zetu mara nyingi kuliko hicho. Ndiyo maana nilipoona tangazo la darasa la jioni la wiki sita kwa madereva, wahudumu na wapokezi wa hoteli, lililoahidi kufundisha vitenzi vya Kiingereza vya maneno mawili mawili kwa kuanza na “pick up”, nililipa ada ya watu wawili, yangu na ya dereva. Ada ilikuwa shilingi 150,000 kwa kila mtu, na shilingi 10,000 nyingine za kijitabu. Jina la kituo sitalitaja, kwa kuwa madarasa ya namna hii yapo karibu kila mji mkubwa, na ninachotaka ni kumwonesha msomaji jambo la kuangalia kabla hajatoa fedha zake, si kumtangazia mtu biashara wala kumharibia.

Nianze na kijitabu, maana ndicho tulichokabidhiwa kwanza na ndicho kilichokaribia kunirudisha nyumbani. Kina kurasa 24 na orodha ya vitenzi 200, kila kimoja kikiwa kimefungiwa neno moja la Kiswahili: “look after” ni tunza, “give up” ni kata tamaa, “put off” ni ahirisha, “pick up” ni okota. Tafsiri ya kwanza haina ubaya. Ya pili inaanza kuyumba, kwa sababu mtu anayesema “I gave up smoking” hakukata tamaa hata kidogo. Ameacha sigara, na pengine anajivunia. Lakini hiyo ya mwisho ndiyo ya hatari kwa mtu wa kazi yangu. Kwa Kiswahili unaokota kitu kilichoanguka au kilichompotea mwenyewe, shilingi mia njiani, embe chini ya mti, na mtoto wa kuokotwa ana hadithi yake ya huzuni. Mgeni aliyelipia usafiri wake haokotwi. Dereva wangu aliusoma mstari ule, akanitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini kama miaka yote hii amekuwa akiwaandikia wageni kwamba anakuja kuwaokota.

Mwalimu ndiye aliyelinusuru darasa. Ni bwana wa makamo aliyewahi kuwaongoza watalii kwa miaka mingi kabla ya kushika chaki, na siku ya kwanza aliingia bila kijitabu. Aliandika ubaoni “pick up”, akaacha nafasi tupu mbele yake, akatuambia kwamba ni marufuku kuuliza maana ya kitenzi kabla ya kuijaza nafasi hiyo. Tuliijaza kwa zamu. Kalamu iliyoanguka huinuliwa. Abiria huchukuliwa. Mkate unaupitia dukani, yaani unaununua ukiwa njiani kwenda kwingine. Lugha hudakwa, kituo cha redio hunaswa, mafua hupatwa na bili hulipwa. Mshukiwa, polisi wakim-“pick up”, amekamatwa. Kitenzi kilibaki kilekile tangu juu ya ubao mpaka chini. Kilichobadili maana kila mara ni jirani yake wa kulia.

Mpokezi mmoja wa hoteli alipolalamika kwamba huo ni ujanja wa Waingereza, mwalimu alimjibu kwa kitenzi chetu wenyewe. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga kura, tunapiga magoti na tunapiga chafya, na hakuna anayeumia. Mgeni anayejifunza Kiswahili akiambiwa tu kwamba “piga” ni kumchapa mtu, atatembea na tafsiri hiyo mpaka siku atakapoambiwa kwamba nchi nzima inakwenda kupiga kura. Baada ya mfano huo darasa lilitulia, kwa kuwa kila mmoja aliona kwamba jambo lenyewe amelifanya tangu utotoni, ila hakuwahi kulitazama.

Kipindi kilichonirudishia ada yangu yote ni cha tatu, na nitakaa hapo kidogo. Kosa kubwa la madereva, ambalo nami nimelifanya miaka yote licha ya kufundishwa Kiingereza tangu darasa la tatu, ni kuandika “I will pick up you at six”. Nilikuwa nimekwisha kusahihishwa mara kadhaa na wageni wapole, na kila mara nilikariri sahihisho bila kujua sababu yake, kwa hiyo nilirudi kosani wiki hiyohiyo. Mwalimu aliandika ubaoni “nitawachukua”, kisha akalikata neno kwa chaki: ni, ta, wa, chukua. Akaizungushia duara ile “wa”. Akauliza: hawa wageni wamekaa wapi katika neno hili? Wamekaa ndani, katikati, kabla kitenzi hakijamalizika. Kiingereza, akasema, hakiwezi kumwingiza mtu ndani ya neno moja kama sisi, lakini kitenzi cha maneno mawili kama hiki kimeacha uwazi kati ya neno la kwanza na la pili, na hapo ndipo “you”, “him”, “them” na “it” hukaa: “pick you up”, “pick them up”. Mtu anayesema “pick up them” ni sawa na anayesema “nitachukuawa wageni”. Darasa zima lilikunja uso kwa kusikia hiyo “nitachukuawa”, na nadhani kukunja uso kule ndiko kulikotufundisha, kwa sababu tangu siku hiyo “pick up you” inanikwaruza sikio kwa namna ileile.

Ukitaja jina lenyewe badala ya kiwakilishi, unapewa uhuru: “pick up the guests” ni sawa na “pick the guests up”. Jina likiwa refu na lenye maelezo, kwa mfano wageni wawili waliokuja na boti ya mchana, ni heri liwekwe mwisho, la sivyo ile “up” inabaki imetupwa mbali na mwenzake na msikilizaji ameshaisahau. Hapo pia mwalimu aliingiza suala la saa, kwa kuwa “pick you up at six” ina mtego wa pili kwa mtu anayehesabu saa za Kiswahili: “six” ya mgeni ni saa kumi na mbili, wala si saa sita. Wengi wetu tuliifahamu hiyo, lakini kijana mmoja aliyeanza kazi mwaka huu aliandika haraka mno katika daftari lake, nami nikajua kwamba kuna mgeni mahali fulani aliyewahi kusubiri sana.

Matamshi yalipewa nusu ya kipindi tu, ingawa yalikuwa na jambo ambalo sijawahi kulisikia likielezwa kwa madereva. Kitenzi kikisemwa, uzito huangukia “up”. Likiwa jina, kwa mfano mahali au wakati wa kuchukuliwa wageni, au lile gari la mizigo lililo wazi nyuma, uzito hurudi kwenye “pick”. Maandishi nayo hufuata mgawanyiko huo: kitenzi ni maneno mawili yaliyoachana, jina huandikwa kwa kistari au kuunganishwa kabisa. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana tulipolichukua jina la gari tukapata “pikapu”, yenye mkazo kwenye “ka”, ambao Mwingereza hautarajii popote. Dereva akikitamka kitenzi kama anavyolitamka gari, mgeni anasikia gari. Mmoja wetu alisimulia kwamba mgeni wake aliwahi kumuuliza kwa wasiwasi kama atapakiwa nyuma pamoja na mizigo. Darasa lilicheka, nami nikacheka, ingawa nina shaka kidogo na hadithi hiyo.

Wiki ya pili ilikuwa ya hali ambayo jirani wa kulia hayupo kabisa. “Business is picking up” ni biashara imeanza kuchangamka. “The wind is picking up” ni upepo unazidi, na mtu anayepeleka wageni bandarini anapaswa kuijua hiyo, kwa kuwa mgeni anayeiandika asubuhi huenda anauliza kwa adabu kama boti itaondoka. “You didn't pick up”, ile ya mgeni wangu, ipo katika kundi hilo kwa upande mmoja tu: simu haitajwi kwa sababu kila mtu anajua kinachozungumzwa ni simu. Kama dereva wangu angejua kwamba abiria, tofauti na simu, lazima atajwe, na kwamba mgeni angeandika “you didn't pick me up”, ugomvi ule usingetokea. Kineno kimoja, “me”, ndicho kilichokuwa kinakosekana, na kukosekana kwake ndiko kulikobeba maana yote. Hili mwalimu hakulisema moja kwa moja. Tulilipata mimi na dereva tukiwa kwenye foleni ya kurudi nyumbani, na sijamwona akiwa na furaha vile tangu aliponunua simu yake mpya.

Kuna sehemu ambazo Kiswahili na Kiingereza vilikaribiana, na mwalimu alizitumia vizuri. Gari likianza kwenda kwa haraka, Mwingereza husema “pick up speed”, nasi husema limeshika kasi. Kwenye ugonjwa tunaachana: Mwingereza ndiye anayeyachukua mafua mahali fulani na kuondoka nayo, wakati kwetu mafua ndiyo yanayomshika mtu. Palipohitaji uangalifu zaidi ni kwenye lugha. Mgeni akikuambia “I picked up some Swahili in Zanzibar”, ile okota ya kijitabu inakaribia kufaa kwa mara ya kwanza, kwa kuwa tunasema mtu ameokoteza maneno mawili matatu. Ila okoteza ya kwetu ina dharau ndani yake. Kiingereza cha kuokoteza ni Kiingereza cha mtu asiyekwenda shule. Kwa Mwingereza haina dharau yoyote, bali ina sifa kidogo, kwamba amejifunza kwa masikio yake bila darasa. Kumjibu mgeni huyo kwamba kweli Kiswahili chake ni cha kuokoteza kungekuwa kumrudishia zawadi aliyokupa.

Mhudumu wa mgahawa aliyekaa mbele yangu ndiye aliyetupa kisa bora cha bili. Meza ya watu wanne, alisema, mmoja wao akamwambia “I'll pick up the bill”, naye akaiacha karatasi mezani akisubiri bwana yule ainuke nayo mwenyewe mpaka kaunta. Walikaa hivyo robo saa, wote wakitabasamu. Bwana yule alikuwa amesema kwamba yeye ndiye atakayelipia meza nzima. Mwalimu alimwambia kwamba hakukosea sana, kwa sababu maana hiyo imetoka kwenye kuiinua karatasi ile mezani mbele ya wenzako, na aliyeiinua ndiye aliyejitwika mzigo. Vivyo hivyo kwa simu, ambayo zamani ilikuwa na mkono wa kunyanyuliwa kutoka mahali pake. Nilipenda namna alivyokuwa akirudisha maana za mbali kwenye mkono unaoinua kitu, ila alikuwa makini kutuonya kwamba kujua chanzo hakumtoshi mtu kubashiri maana mpya.

Sasa kasoro. Mwalimu aliiruka maana moja, ile ya kumtongoza mtu usiyemfahamu hadi ukaondoka naye, kwa kusema kwamba darasa lina wakubwa na wadogo. Naielewa heshima hiyo, lakini siikubali. Dereva anayesubiri wageni nje ya ukumbi wa muziki usiku ndiye hasa anayepaswa kujua kwamba “he picked her up at the club” inaweza kuwa taarifa ya usafiri na inaweza kuwa jambo jingine kabisa, na kwamba akiandikia hoteli kuhusu mgeni wa kike ni salama zaidi aongeze mahali, saa na namba ya gari. Ingewezekana kulisema kwa lugha ya staha, kama tunavyosema mambo mengi. Pia “pick up on”, ambayo ni kung'amua jambo lisilosemwa waziwazi, ilipewa dakika moja mwishoni, na ile ya Marekani ya kuweka chumba nadhifu haikutajwa, ingawa wapokezi watatu wa hoteli walikuwa mbele yake.

Kwa upande mwingine kulikuwa na jioni moja ambayo baadhi waliiona ya kupoteza muda na mimi niliipenda: umeme ulikatika, feni zikasimama, na mwalimu akasimulia historia gizani. Katika utangulizi wa kamusi yake ya mwaka 1755, Samuel Johnson alikiri kwamba hivi vitenzi vinavyogeuzwa maana na kineno kinachofuata ndivyo vinavyowasumbua wageni kuliko vyote. Jina lao la kitaalamu katika Kiingereza, “phrasal verbs”, lilikuja kuenea baadaye sana, baada ya Logan Pearsall Smith kuliandika mwaka 1925, naye akasema alipewa na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford. Dereva wangu aliondoka na jambo moja tu katika historia hiyo, kwamba Mwingereza mwenyewe alikiri ugumu, na hilo lilimfaa kuliko tarehe.

Kijitabu hakina tiba isipokuwa kutupwa. Nilimuuliza mwalimu kwa nini kinauzwa, akanijibu kwamba si yeye aliyekiandika na kwamba ofisi ndiyo inayokichapa. Yeye alitushauri tutumie kamusi zilizotungwa kwa ajili ya wanaojifunza, zile zinazoonesha kitenzi ndani ya sentensi na kueleza kinakaa na maneno gani, kwa mtindo ulioanza kushika mizizi na A. S. Hornby, mwalimu wa Kiingereza nchini Japani ambaye kamusi yake ya kwanza ilichapwa Tokyo mwaka 1942. Kamusi za namna hiyo sasa zinapatikana bure kwenye simu. Kwa hiyo shilingi 10,000 za kijitabu zingetosha vifurushi vya intaneti vya siku kadhaa, na mwanafunzi angepata sentensi badala ya orodha.

Ofisi ya kituo ina mengine ya kurekebisha. Vipindi vilivyotangazwa kuanza saa kumi na mbili jioni vilianza saa kumi na mbili na nusu karibu kila siku, na muda uliopotea haukufidiwa. Tulikuwa 14 katika chumba cha viti 12. Cheti kinasema tumehudhuria “course” bila kutaja ni ya nini, hivyo hakimsaidii kijana anayetafuta kazi. Nililalamika kwa maandishi, nikajibiwa kwamba maoni yangu yamepokelewa.

Je, ninamshauri msomaji alipie darasa la namna hii? Kwa dereva, mhudumu au mpokezi anayeongea na wageni kila siku, ndiyo, ikiwa mwalimu anafundisha kwa sentensi na si kwa orodha. Omba kukaa kipindi kimoja bure na umsikilize akijibu swali la kwanza la maana. Akikujibu kwa neno moja la Kiswahili bila kukuuliza kitenzi kimefuatwa na nini, bakiza fedha zako. Kwa mwanafunzi wa sekondari anayejiandaa kwa mtihani sioni faida kubwa, kwa kuwa mifano yote ilikuwa ya barabarani, mezani na kwenye simu. Mimi na dereva tumepata tulichokifuata. Wiki iliyopita alimwandikia mgeni peke yake, bila kunionesha kwanza: “I will pick you up at 6 in the morning. If I don't pick up, I am driving. Please wait.” Nilipoisoma baadaye sikuona cha kusahihisha.

Muhula ujao kituo kitafundisha “put”, pamoja na “put off”, “put up” na “put up with”, na ada imepandishwa hadi shilingi 180,000. Dereva ameniomba nimlipie. Nimewaandikia ofisini kwamba nitalipa nikishaiona karatasi ya mifano, kwamba kijitabu sikitaki hata kwa bure, na kwamba wasinipigie baada ya saa tatu usiku, kwa kuwa sitapokea.